Mba, Mapunye na Dawa: Historia ya Utunzaji wa Nywele na Ngozi ya Kichwa katika Nchi ya Rungwe

Nchi ya Rungwe iko kaskazini ya Ziwa Nyasa, chini ya mlima wenye jina hilo hilo, ambao kimo chake chakaribia mita 3,000. Mvua hunyesha humo kwa wingi, migomba na chai husitawi, na mji wake mkubwa ni Tukuyu, ambao Wajerumani waliuita Neu-Langenburg walipoufanya makao ya serikali yao. Wilaya ya zamani ilikuwa kubwa kuliko ya leo, kwa kuwa Kyela na Ileje zilikuwa ndani yake. Wenyeji wake walio wengi ni Wanyakyusa, ambao katika maandishi ya kwanza ya Wazungu huitwa Wakonde.

Mengi yameandikwa juu ya watu hao: ndoa zao, vijiji vyao vya marika, maziko yao na ibada zao. Jambo moja limetajwa kwa kupita tu, nalo ni kichwa cha mtu: nywele zake, ngozi iliyo chini ya nywele hizo, maradhi yaipatayo, na maarifa ya kuitunza. Huenda ikadhaniwa kuwa hilo ni jambo dogo, la kinyozi na msusi. Walakini elimu ya maabara na maarifa ya nyumbani yamekutana hapo mara nyingi, na kila mara lugha imekuwa na sehemu kubwa katika kuamua kama elimu hiyo itamfikia mwenye kichwa au itapita juu yake. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba maneno yaliyozaliwa na watu waliotazama ugonjwa kwa macho yao yamekubaliana na sayansi kuliko ilivyotazamiwa, na kwamba neno lililofuatana na bidhaa za dukani limewaficha watu jambo walilohitaji kulijua.

I. Walioandika kwanza

Msafiri Joseph Thomson alipita kaskazini ya Ziwa Nyasa katika mwaka 1879, akaisifu nchi hiyo kwa uzuri wake na kwa usafi wa vijiji vyake. Katika mwaka 1891 walifika wamisionari wa makundi mawili: Wamoraviani, ambao miongoni mwao alikuwamo Theodor Meyer, wakajenga Rungwe, na watu wa Misioni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky. Carl Schumann wa misioni hiyo ya pili alitoa sarufi ya Kikonde katika mwaka 1899. Daktari wa jeshi la Kijerumani, Friedrich Fülleborn, alizunguka katika nchi za Nyasa na Ruvuma mwishoni mwa karne ya 19, na kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1906. Fülleborn alikuwa tabibu, na baadaye akawa mkuu wa Taasisi ya Magonjwa ya Nchi za Joto huko Hamburg.

Yafaa ieleweke kwamba maarifa haya yote yalikusanywa Rungwe na kuandikwa kwa lugha isiyosomwa Rungwe. Mambo aliyoyaandika Meyer kati ya mwaka 1891 na 1916 yalichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1989, na kwa Kiswahili mwaka 1993. Wajukuu wa watu waliomweleza habari zao walingoja zaidi ya miaka sabini na mitano kuzisoma. Hali hiyo ya elimu kuondoka na kuchelewa kurudi itaonekana tena katika habari zifuatazo.

II. Wembe

Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa Rungwe kwa uchunguzi kati ya mwaka 1934 na 1938. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1957 juu ya ibada za ukoo, Monica Wilson aliueleza kwa kirefu mpango wa matanga. Wafiwa walikuwa kama watu walio karibu na maiti. Uchafu uliwaandama kwa muda, kisha wakaoshwa na kunyolewa, na kwa kunyolewa huko wakatengwa na mauti na kurudishwa katika uhai. Asiyefanyiwa hivyo aliogopewa kupatwa na wazimu. Kwa hiyo wembe ulikuwa chombo cha kumtenga mtu na jambo la hatari, na nywele zilikuwa mahali ambapo hatari hiyo ilikaa.

Wanaanthropolojia wamelifasiri jambo hilo kwa njia ya ishara, wala fasiri hiyo haina kosa. Lakini kunyoa kuna kazi nyingine pia. Chawa wa kichwa hubandika mayai yake katika unywele kwa gundi ngumu, naye hafiki mbali akiisha kutoka kichwani, kwani hufa baada ya siku moja au mbili akikosa damu. Nywele zikiondolewa, chawa na mayai huondoka pamoja nazo. Si lazima kusema kwamba wazee walinyoa kwa sababu hiyo. Yatosha kusema kwamba desturi moja yaweza kuwa na faida zaidi ya ile itajwayo na wenye desturi.

Wembe huo huo, hata hivyo, una upande wa pili. Ukipita katika vichwa vingi pasipo kusafishwa, hubeba kuvu kutoka kwa mtoto hadi mtoto, na hukata ngozi ikapata vijipu. Katika shule za msingi za serikali watoto, wa kiume kwa wa kike, hutakiwa kuwa na nywele fupi, na kwa hiyo kunyoa ni kazi ya kila nyumba na ya kila mwezi. Ugonjwa wa UKIMWI ulipoenea katika miaka ya 1980, watu walionywa wasishirikiane nyembe, na onyo hilo lilileta faida kwa ngozi ya kichwa pia. Onyo hilo lilifahamika upesi kwa kuwa kila neno lake lilikuwa la nyumbani: wembe, damu, kushirikiana. Hapakuwa na neno la kufasiriwa.

III. Mapunye

Maradhi ya ngozi ya kichwa yaliyo mashuhuri kwa watoto ni mapunye. Nywele hukatika kwa mabaka, ngozi hutoa magamba, na mtoto hujikuna. Kamusi za Kiswahili, tangu ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, hulitenga neno hili na choa. Umbo la neno lenyewe, lenye kiambishi cha wingi ma-, lafaa kwa ugonjwa uonekanao mahali pengi kichwani kwa wakati mmoja.

Sayansi ya Ulaya ilifika katika habari hii kwa njia ndefu. David Gruby, tabibu aliyekuwa Paris, alionyesha kwa hadubini kati ya mwaka 1841 na 1844 kwamba mapunye husababishwa na kuvu iotayo katika unywele. Raymond Sabouraud, pia wa Paris, aliipanga elimu hiyo yote katika kitabu kikubwa cha mwaka 1910, naye alitumia miali ya eksirei kung'oa nywele za wagonjwa. Njia hiyo iliponya, lakini ilidai malipo. Katika Israeli maelfu ya watoto wahamiaji walipigwa miali hiyo baada ya mwaka 1948, na katika mwaka 1974 Baruch Modan na wenzake walitangaza kwamba uvimbe wa ubongo ulionekana kwao zaidi kuliko kwa wenzao wasiopigwa miali. Ni vizuri kulikumbuka jambo hili kila inaposemwa kwamba uvumbuzi mpya hauna madhara.

Dawa ya kumeza ilipatikana taratibu. Griseofulvini ilitolewa katika kuvu huko London mwaka 1939, ikakaa karibu miaka ishirini pasipo kutumiwa kwa ugonjwa huu, hata J. C. Gentles wa Glasgow alipoonyesha mwaka 1958 kwamba ikimezwa huingia katika mizizi ya nywele na kuizuia kuvu. Tangu hapo eksirei haikuwa na kazi tena katika mapunye.

Jambo moja katika tiba hii ni la maana sana kwa Rungwe na kwa nchi nzima. Marhamu ya Whitfield, iliyo na asidi ya benzoiki na asidi ya salisili, ni dawa rahisi ijulikanayo sana katika zahanati, nayo huponya choa cha mwilini. Lakini haiponyi mapunye, kwa kuwa kuvu ya mapunye imo ndani ya unywele na mizizi yake, mahali ambapo marhamu haifiki. Mapunye hutaka dawa ya kumeza kila siku kwa muda wa majuma sita au manane, hata kama mabaka yameanza kupotea. Katika lugha ya Kiingereza magonjwa haya mawili huitwa kwa jina moja la kawaida, na mgonjwa hana budi kuelezwa tofauti yake. Mwenye Kiswahili hana haja ya maelezo hayo, maana choa ni choa na mapunye ni mapunye. Mganga akiuliza kwa majina hayo, mama humjibu, na nusu ya kazi ya kutambua ugonjwa imekwisha kufanyika.

Nusu ya pili ni kazi ya maabara. Taa ya miali isiyoonekana, iliyobuniwa na Robert Wood wa Marekani, hufanya baadhi ya kuvu za mapunye zing'ae gizani. Lakini kuvu iitwayo trikofitoni viola, ipatikanayo sana katika Afrika ya Mashariki, hukaa ndani ya unywele na haing'ai. Mtumishi wa afya aliyefundishwa kwa kitabu cha Ulaya peke yake aweza kuitazama giza akasema hakuna ugonjwa. Kwa sababu kama hizo kuanzishwa kwa chuo cha magonjwa ya ngozi huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, mwaka 1992, lilikuwa jambo kubwa. Chuo hicho huwafundisha waganga wasaidizi na wauguzi wa nchi nyingi za Afrika maradhi ya ngozi kama yanavyoonekana katika ngozi za Waafrika, kisha wakarudi katika wilaya zao.

IV. Mba

Neno la pili ni la ajabu kuliko la kwanza. Kwa Kiswahili, magamba meupe yaangukayo kutoka katika nywele huitwa mba. Madoa mepesi yatokeayo shingoni, kifuani na mgongoni, yenye rangi iliyofifia kuliko ngozi, nayo pia huitwa mba. Mwalimu wa lugha aliyelelewa na kamusi za Ulaya huenda akasema kwamba hapa Kiswahili kimechanganya mambo mawili yasiyohusiana.

Na kweli wataalamu wa Ulaya waliyatenga. Louis-Charles Malassez aliona mwaka 1874 kuvu ndogo za jamii ya hamira katika magamba ya kichwa. Kuvu ya madoa ya mwilini ilikuwa imekwisha kuonwa mwaka 1846, nayo ilionekana kama nyuzi zenye matawi. Kwa kuwa maumbo hayakufanana, majina mawili ya jenasi yalitumika kwa muda mrefu: pitirosporumu kwa ile ya kichwani, na malasezia kwa ile ya mwilini. Uchunguzi wa karne ya 20 ulionyesha kwamba kuvu ile ile yaweza kuwa na umbo la hamira na kisha umbo la nyuzi, na katika mwaka 1986 jina la malasezia lilikubaliwa liwe jina la zote. Ndipo ikawa kwamba dawa zile zile, kama salfidi ya seleniamu na ketokonazoli, husaidia katika hali zote mbili.

Haifai kudai kwamba wazee wa pwani walikuwa na hadubini. Magamba meupe yarudiayo kila mara yaliwatosha kulinganisha. Lakini yafaa kusema kwamba mpango wa majina katika lugha si fujo. Ni uchunguzi uliofanywa na macho mengi kwa muda mrefu, na mwenye kutunga istilahi za tiba afanya hasara akiufuta kabla ya kuupima.

Neno mba lilifika Rungwe pamoja na Kiswahili. Kinyakyusa kina msamiati wake wa mwili na maradhi yake, na tangu Knut Felberg alipotoa kamusi yake ya Kinyakyusa, Kiingereza na Kiswahili mwaka 1996, msingi upo wa kuulinganisha msamiati huo na ule wa pwani. Kazi hiyo ya kulinganisha yawahusu watu wa lugha kama inavyowahusu watu wa tiba.

V. Dawa iliyokuja kwa sababu ya mto

Katika Tukuyu kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, taasisi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979. Mito ya Rungwe iendayo kasi, kama Kiwira, huzaa usubi, yaani inzi wadogo weusi ambao huambukiza ugonjwa wa minyoo unaoharibu ngozi na macho. Watu huuita ugonjwa wenyewe usubi pia. Dawa yake ni ivamektini, iliyotokana na kazi ya Satoshi Ōmura na William Campbell, ambao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kampuni ya Merck iliahidi mwaka 1987 kuitoa bure, na tangu mwanzo wa karne hii imegawiwa Rungwe kwa mikono ya watu waliochaguliwa na vijiji vyenyewe.

Dawa hiyo ina nguvu juu ya chawa wa kichwa pia. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010, uliowahusu wagonjwa 812 wa Uingereza, Ireland, Ufaransa na Israeli ambao chawa wao walikuwa wagumu kutibika, watu 95.2 kwa mia waliopewa ivamektini walikuwa hawana chawa siku ya 15, wakati waliopakwa malathioni walikuwa 85.0 kwa mia. Kipimo cha uchunguzi huo kilikuwa kikubwa kuliko kile kigawiwacho kwa ajili ya usubi, nacho kilitolewa mara mbili. Kwa hiyo haifai mtu kutegemea dawa ya usubi kuwa ndiyo dawa ya chawa. Walakini habari hii yaonyesha jinsi utafiti wa ugonjwa mmoja uwezavyo kufungua mlango wa mwingine, na jinsi ugawaji ulioaminiwa na vijiji uwezavyo kuwa njia ya kupitishia maarifa mengine ya ngozi.

VI. Dawa isiyo dawa

Sasa yafika habari ya neno linaloficha. Katika saluni za Tukuyu, kama katika saluni za miji yote ya Tanzania, kemikali ya kunyoosha nywele za kipilipili huitwa dawa. Mwanamke hutia dawa, nywele zake huwa nywele za dawa, na zikiota mpya chini hurudi kufanya ritachi. Neno hili ni la asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza katika Kiswahili ni kitu kiponyacho. Ni kweli kwamba limepanuka tangu zamani: kuna dawa ya viatu na dawa ya panya. Lakini aitumiaye dawa ya panya ajua kwamba ni sumu. Aitiaye dawa kichwani huelewa nini?

Kemikali hizo zilienea kutoka Marekani tangu katikati ya karne ya 20. Nguvu yao hutoka katika haidroksidi ya sodiamu, ile ile itumikayo kutengeneza sabuni, au katika haidroksidi ya guanidini, ambayo husemwa kuwa ni laini lakini nayo ni alkali kali. Huvunja vifungo vya salfa vilivyomo katika protini ya unywele, na vifungo hivyo havirudi tena. Ikigusa ngozi huichoma. Kuwashwa huko huhesabiwa mara nyingi kuwa ni dalili ya dawa kufanya kazi, na hapo ndipo neno lenyewe linapomdanganya mtumiaji, kwa kuwa amezoea kwamba dawa kali ndiyo iponyayo.

Uchunguzi wa kisayansi juu ya mambo haya ulichelewa, nao ulifanywa zaidi na wataalamu wa Kiafrika. Huko Nakuru, Kenya, Beatrice Etemesi alichunguza athari za kemikali hizi kwa wanawake, na matokeo yake yakatoka mwaka 2007. Huko Cape Town, Nonhlanhla Khumalo na wenzake waliwachunguza wanafunzi 1,042 na watu wazima 874, na katika maandishi yao ya mwaka 2007 na 2008 walionyesha kwamba kukatika kwa nywele pembezoni mwa uso kwa sababu ya kuvutwa kulionekana kwa wasichana wa shule 17.1 kwa mia, na kwa wanawake 31.7 kwa mia. Tena hatari ilizidi pale nywele zilizonyooshwa kwa kemikali ziliposukwa kwa kukazwa. Katika Marekani, uchunguzi wa wanawake zaidi ya 33,000 uliotolewa mwaka 2022 ulikadiria kwamba saratani ya mji wa mimba huwapata hadi umri wa miaka 70 wanawake 1.64 kwa mia wasiotumia vinyoosha nywele, na 4.05 kwa mia wavitumiao mara kwa mara. Uchunguzi wa namna hiyo huonyesha mambo mawili yakienda pamoja, bila kuthibitisha kwamba moja ndilo lililoleta jingine. Lakini watosha kumfanya mtu aulize.

Sheria ya Tanzania imekwisha kutenga. Sheria ya mwaka 2003 iliweka chakula, dawa na vipodozi chini ya mamlaka moja. Katika mwaka 2019 vipodozi vilihamishiwa Shirika la Viwango, na mamlaka ya zamani ikabaki na dawa na vifaa tiba. Kwa sheria, basi, kinyoosha nywele ni kipodozi. Kwa lugha ya saluni, bado ni dawa. Na maandishi ya chupa, yanayosema kipimo na hatari, mara nyingi ni ya Kiingereza.

VII. Mafuta

Rungwe imekuwa tangu miaka ya 2000 nchi ya parachichi aina ya Hass, ambalo wakulima wadogo hulipanda kwa soko la ng'ambo. Mafuta ya tunda hilo husifiwa sana kwa nywele. Hapa pia utafiti wafundisha kupambanua. Rele na Mohile wa India walionyesha mwaka 2003 kwamba mafuta ya nazi hupunguza upotevu wa protini katika unywele, kwa kuwa asidi yake ya lauriki ni chembe ndogo iliyonyooka ipenyayo ndani. Mafuta ya alizeti na mafuta ya madini hayakufanya hivyo. Desturi ya wanawake wa pwani ilipata ushahidi. Lakini mafuta ya parachichi ni zaidi ya asidi ya oleiki, wala sifa ya nazi haiwezi kuhamishiwa parachichi bila kupimwa.

Tena, kuvu ya mba huishi kwa mafuta, na uchunguzi wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba asidi ya oleiki, ikipakwa katika ngozi ya mtu aelekeaye kupata mba, huleta magamba. Mtu mwenye mba huona ukavu, akaongeza mafuta, na kwa kufanya hivyo huenda akailisha kuvu. Shauri lifaalo ni fupi: mafuta yapakwe katika nywele, na ngozi yenye mba ioshwe.

VIII. Hitimisho

Historia hii yatoa somo kwa watunzi wa istilahi. Mapunye, choa, mba na usubi ni maneno yaliyo tayari, yanayotambua ugonjwa kwa haki, nayo yastahili kuingizwa katika vitabu vya wauguzi kama yalivyo. Neno dawa, kwa upande wa kemikali ya nywele, lastahili kuachwa, na badala yake litumike kinyoosha nywele, ambalo husema kazi ya kitu bila kukiahidia uponyaji. Neno halibadilishwi kwa amri; hubadilishwa likitumiwa katika chupa, katika mafunzo ya wasusi, na katika mashauri ya zahanati. Mwanamke wa Tukuyu akiambiwa kwa lugha yake kwamba kitu kichomacho kichwani mwake si dawa, ataweza kuchagua mwenyewe, na kuchagua huko ndiko faida ya elimu.